Gunzi Lilipokwama Namba Thelathini na Moja

Ukimwona mwanamke kaingia harusini, gauni limepigwa pasi, macho kayashusha chini kama aliyeangusha hereni, usimwonee huruma. Huyo ni Mama Gunzi na hajaangusha kitu. Anatazama mtaro. Wenzake wanamtazama bibi harusi, yeye anatazama maji ya kuoshea masufuria yanaelekea wapi, na akiyakuta yamesimama, hata chakula hakimshuki.

Ana miaka arobaini na mitano, na ishirini na minne kati ya hiyo imeishia kwenye barabara za mji huu. Alianza msichana mwembamba aliyemaliza darasa la saba, kazi yake kuchota maji ya kunyunyizia kifusi. Akapanda kubeba kokoto. Akapanda kushika reki ya lami. Sasa ni nyapara wa genge la barabara la manispaa: wanaume saba, wanawake wanne, rola moja la kushindilia linalokohoa, na toroli tatu ambazo kila moja ina mawazo yake kuhusu njia. Magoti yake hujua mvua siku mbili kabla ya redio. Akitaka kunyanyuka kwenye kiti huhesabu kwanza, na akishanyanyuka hakai tena mpaka jioni, kwa sababu hata kule kuhesabu kunachosha.

Jina lake alipewa na mji, na alipewa kwa sababu ya mpango wa mitaro.

Mpango wenyewe kuueleza ni rahisi, kuutekeleza ndiyo shughuli. Manispaa ina lami lakini haina mikono ya kutosha. Watu wana mikono lakini hawana lami. Basi wakakubaliana: barabara, kutoka ukingo hadi ukingo, ni ya manispaa, mtaro ulio pembeni ni wa wenye nyumba, kila mmoja kipande kilicho mbele ya mlango wake. Mtaa unaotaka lami unasafisha mtaro kwanza, maana maji yakikosa njia huingia chini ya lami na kuila kutoka tumboni, kama mchwa anavyokula mlango huku rangi inang'aa. Na kabla lori halijatumwa, nyapara huja na mapipa mawili ya maji na gunzi la hindi. Gunzi linawekwa mtaroni juu kabisa ya mtaa, maji yanamwagwa nyuma yake, na linatakiwa liende lenyewe, bila kuguswa na mtu, mpaka mdomo wa kalavati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, kule chini. Likifika, nyapara anatia sahihi na kesho yake lori linakuja. Likikwama, namba ya nyumba lilipokwamia inaandikwa kwenye fomu, mahali palipoandikwa "sababu", na mtaa wote unapoteza zamu yake mpaka kiangazi kingine.

Mara moja tu Mama Gunzi aliwahi kulisaidia. Ilikuwa miaka minne nyuma, mtaa wa maseremala. Gunzi lilisita hatua mbili kutoka kalavati. Jua kali, watu wamemkodolea macho kama wagonjwa wanavyomkodolea daktari, naye akalisukuma kwa kidole cha mguu. Kidogo tu. Lami ikaja, ikashindiliwa, ikang'aa, watu wakapiga vigelegele. Mvua ya pili ikaibandua kama ukoko wa uji. Mpaka leo akipita mtaa ule, maseremala huinua vichwa kutoka kwenye randa zao na kumwuliza, "Vipi mama, kidole hakijambo?" Anapita tu.

Sasa, mganga hajigangi. Mtaa anaoishi yeye haujawahi kuonja lami. Ni mtaa wa mteremko wenye nyumba thelathini na moja upande mmoja na ukuta wa ghala upande wa pili, barabara yenyewe mawe na makorongo, na nyumba yake ndiyo ya thelathini na moja, chini kabisa, jirani wa kalavati. Watu humcheka kwamba anapaka wengine poda huku uso wake una masizi. Yeye hujibu kwamba foleni ni foleni, na kwamba angeuruka mji mzima ili ajitengenezee mlango wake, hao hao wangemwita mwizi. Ni kweli. Lakini ukweli haubebi mtu mgongoni.

Na mtu wa kubebwa yupo. Ni mama mkwe wake, ambaye ana kidonda cha mguu kisichotaka kupona, na kila Jumatatu ya pili lazima afike kliniki kikasafishwe. Hakuna gari wala pikipiki inayokubali kuteremka mtaa ule. Dereva akifika juu hutazama makorongo, hutazama matairi yake, na huzima injini. Mume wa Mama Gunzi anaendesha malori ya masafa, nyumbani anaonekana mara moja kwa mwezi kama mshahara, na siku zake na Jumatatu za kliniki hazijawahi kusalimiana. Kwa hiyo kwa miaka miwili Mama Gunzi amembeba bibi mgongoni mwenyewe, hatua mia tatu na arobaini za kupanda, na bibi ni mtu mwenye mwili wa haki.

"Polepole, mke wa mwanangu," bibi husema kila wafikapo nyumba ya kumi na tano, "mimi si kokoto."

"Kokoto hazisemi, mama. Ndiyo maana nazipenda."

"Ungenipenda na mimi ungeniletea hiyo lami yenu."

"Foleni, mama."

"Foleni! Mimi nitaingia kaburini wewe bado unahesabu foleni."

Ndivyo walivyozoea kupanda, mmoja akihema, mwingine akisema. Mwaka huu lakini mgongo wa Mama Gunzi ulianza kutoa mlio mpya, kama bawaba ya mlango mkavu. Mganga wa kliniki alimshika kiunoni akamwambia maneno mawili: acha kubeba. Akamshukuru, akageuka, akambeba mama mkwe wake wakarudi nyumbani. Angefanyaje?

Hapo ndipo orodha ya kiangazi ikatoka, na injinia wa manispaa, kijana mpole anayemwita mama hata kwenye barua, akamwekea kidole kwenye mstari wa saba. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kusubiri, mtaa wake. Lori la mwisho la msimu, Jumamosi, kabla mtambo wa lami haujafungwa kwa ajili ya mvua. Mama Gunzi aliutazama ule mstari, na hakucheka wala hakulia. Alisema tu, "Haya," akaenda kutafuta koleo.

Aliitisha mkutano barazani kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenye duka la vyombo, ambaye nyumba yake ndiyo namba moja, juu kabisa. Mwenyekiti ni mtu mwema na ana filimbi. Kama asingekuwa na filimbi, huenda yote haya yasingetokea.

"Tunaanza chini," Mama Gunzi aliwaambia. "Mimi naanza kwangu Jumapili. Nikimaliza, thelathini anaanza. Akimaliza, ishirini na tisa. Kila mmoja anatoa tope lake nje kwa koleo, analipakia kwenye toroli, linakwenda zake. Hakuna anayegusa mtaro wake kabla wa chini yake hajamaliza. Tumeelewana?"

Mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye ulimi wake una ncha kuliko sindano zake, akanyoosha mkono. "Yaani sisi wa juu tukae tunawangoja nyinyi wa chini? Tangu lini mkia ukatangulia kichwa?"

"Tangu kichwa kilipoanza kuutapikia mkia."

Watu walicheka, mshonaji naye akacheka, na mkutano ukaisha vizuri. Mkutano ukiisha vizuri sana, ogopa.

Jumapili Mama Gunzi alichimba kipande chake. Alitoa tope jeusi, makopo, soli ya kiatu, na kijiko ambacho bibi alisema ni chake na kwamba kilipotea kabla Mama Gunzi hajaolewa. Jumatatu thelathini akachimba, Jumanne wakachimba watatu, na mambo yakapanda hivyo mpaka Jumatano jioni yakafika nyumba ya ishirini na mbili. Hapo yakakaa. Ishirini na moja alikuwa na msiba wa shangazi. Ishirini alisema anamsubiri ishirini na moja, na kwa sheria alikuwa sawa. Kinyozi wa nyumba ya kumi na nane alikuwa na wateja. Alhamisi ikapita hivyo hivyo, kila mmoja anamtazama mwenzake, na kila mmoja ana haki.

Ijumaa alfajiri Mama Gunzi aliondoka kwenda kambi ya manispaa kuchukua fomu na mapipa. Kipimo kilikuwa saa nne. Alipopita mlangoni kwa mwenyekiti alimwambia, "Nyumba ishirini na moja zimebaki. Wapigie filimbi watoke wote, lakini tope litoke nje. Litoke nje, umenisikia?"

"Niachie mimi," mwenyekiti akasema.

Saa nne aliingia mtaani kutokea juu, yeye na injinia, na mkokoteni wenye mapipa mawili ya maji nyuma yao. Mtaa ulikuwa umefagiliwa kama uwanja wa mgeni rasmi. Wanawake wamesimama milangoni, kinyozi katoka na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na mwenyekiti yuko katikati ya barabara, suruali kaikunja magotini, tope mpaka kwenye nyusi, uso unang'aa kama wa mtu aliyepata mapacha.

"Karibu nyapara! Tazama mambo! Saa tatu tulikuwa tumemaliza. Nyumba zote, kwa pamoja!"

Mama Gunzi aliinama akatazama. Mtaro wa namba moja ulikuwa safi kama sahani. Akainuka.

"Mlianzia wapi?"

"Hapa, kwangu. Kiongozi lazima aonyeshe mfano."

"Na tope mmelipeleka wapi?"

"Chini," mwenyekiti akasema, kama mtu aliyeulizwa jua linachwea wapi.

"Kwa toroli?"

"Toroli za nini na maji yapo? Tumelisukuma kwa maji, mama. Lilivyoona watu wengi, likashuka lenyewe."

Kuna uchovu unaotoka kwenye miguu na kuna unaotoka kwenye masikio, na huu wa masikioni ndio mbaya zaidi. Alitoa gunzi mfukoni, akaliweka mtaroni, akaashiria maji yamwagwe.

Gunzi likaondoka. Lilikwenda vizuri jamani, tuseme haki ya Mungu. Mtaa mzima ukaanza kuteremka nalo, wengine wanapiga makofi, wengine wanaliambia "twende, twende" kama ng'ombe. "Hilo lina haraka kuliko mume wangu akisikia sufuria linafunuliwa," mshonaji akapaza sauti. Likapita kwa kinyozi. Likapita kwa wafiwa. Likapita ishirini na tano, likajigeuza mara moja, likapita ishirini na nane. Mama Gunzi alikuwa mbele ya wote, na hakulitazama gunzi. Alikuwa anatazama mbele, pale mteremko unapolala, penye ubapa kabla ya kalavati. Pale aliposafisha Jumapili mpaka zege likaonekana.

Tope la nyumba zote ishirini na moja za juu lilikuwa limefika pale, likachoka, likakaa.

Gunzi likaingia ndani yake taratibu na kuegemea, kama mlevi aliyefika kwake. Maji yakatafuta njia, yakaikosa, yakapanda ukingo na kuingia barabarani. Kutoka pale mpaka mdomo wa kalavati zilikuwa hatua tisa. Mbele ya mlango wa namba thelathini na moja.

Wote wakasema kwa mpigo.

"Lisukume kidogo!"

"Hatua tisa si kitu!"

"Mama, liguse tu, likianza litakwenda!"

Injinia alisogea karibu, akashusha sauti. Alimjua bibi, aliujua mgongo wa nyapara wake. "Mama," akasema, "mimi nina simu ya kupokea. Nikigeuka huku, sijaona kitu." Na kweli akageuka, akaweka simu sikioni, simu ambayo haikuwa imelia.

Mlangoni bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mguu wenye bandeji juu ya kigoda. Alikuwa ameyaona yote kwa kuwa hana kazi nyingine ya kufanya mchana kutwa. Mwanamke yule ambaye kwa miaka miwili hakumwomba mkwewe lolote ila kwa kumtania, sasa hakutania. "Sukuma, mwanangu," akasema. "Na mimi pia sijaona."

Mama Gunzi alisimama na kiatu chake kimoja ukingoni mwa mtaro. Alikuwa anajua uzito wa yule mama, kila kilo na inapokaa. Alijua pia mvua ya pili. Maji yangekuja kutoka juu, yangekuta tope, yangepanda ukingo na kuzama chini ya lami mbichi hapo hapo mlangoni kwake, na kabla ya mwezi kuisha makorongo yangerudi, na mtaa uliokwisha kupewa lami haupewi tena kwa miaka kumi. Kidole kimoja cha mguu, miaka kumi mingine ya kubeba.

"Mama," akamwambia mkwe wake, "maji yataona."

Akatoa kalamu. Mahali palipoandikwa "sababu" akaandika: nyumba namba 31. Akatia sahihi chini yake, kwa jina la nyapara.

Loo! Ungedhani kawaibia mlango. Mshonaji alishika kiuno. "Mtu kajiandika mwenyewe! Ni uaminifu wa aina gani huo, wa kutuzamisha watu thelathini ili wewe uelee?"

"Lakini sisi tumesafisha," mwenyekiti akasema, na alikuwa ameumia kweli, tope bado linamdondoka. "Kila nyumba ni safi. Ya kwako ndiyo chafu. Fomu yenyewe inasema. Sababu ni wewe."

Angeweza kumwambia mengi. Alikuwa nayo, yamepangwa kama matofali. Ila kuyanyanyua moja moja, kwa yule mtu na nyusi zake za tope, ghafla akaona ni kazi ya siku nzima.

"Ndiyo," akasema. "Sababu ni mimi. Kosa langu ni kuolewa nyumba ya chini." Akaokota gunzi, akalikung'uta, akaondoka na mkokoteni.

Jumamosi lori la lami lilikwenda mtaa wa wauza mbao, waliokuwa wanafuata kwenye orodha na mtaro wao ukapita. Mama Gunzi ndiye aliyelipokea. Lami ya moto haina habari na majonzi ya mtu, ikishapakiwa ina saa mbili tatu za kusambazwa, baada ya hapo ni jiwe. Walipaka makoleo dizeli yasigande, wakajipanga, wakaanza kuvuta. Joto lilipanda kupitia soli za viatu mpaka kwenye meno. Aliivuta lami ile kwa reki, hatua kwa hatua, akijua kabisa ni ya nani. Kila tundu aliloziba lilikuwa na ndugu yake kule kwao.

"Nyapara leo kanuna," dereva wa rola akasema.

"Lini hajanuna?" mmoja wa wanawake akajibu. "Huyu akicheka, kagua breki zako."

Walicheka, na yeye akatikisa kichwa. Ilimsaidia kidogo. Mchana mzee mmoja akatoka na fimbo yake akataka kuwa wa kwanza kuikanyaga kabla haijapoa, Mama Gunzi akamfokea mpaka yule mzee akamwomba msamaha, kisha nyapara mwenyewe akajuta, akamletea kiti.

Aliporudi kwake alasiri, mtaa haukumsalimia. Kinyozi aliongeza sauti ya redio. Tope lilikuwa pale pale mbele ya mlango, limeanza kupasuka kwa jua. Bibi alikuwa anamenya viazi mapajani, na aliendelea kumenya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kiazi kikaingia kwenye sufuria. "Jumatatu ni kliniki."

"Najua, mama."

"Sikukumbushi. Nasema tu."

Mama Gunzi aliketi kwenye kizingiti avue viatu. Akavua kimoja. Alipotaka kuinamia cha pili, mgongo ukakataa. Haukuuma, ulikataa tu, kama punda aliyefika mwisho wa kijiji. Akakaa hivyo, kiatu kimoja mguuni, akitazama lile tope la watu ishirini na mmoja lililokuja kulala kwake, na polepole, kutoka mahali fulani chini ya uchovu, hasira ikaanza kuja. Aliifurahia. Ilikuwa na nguvu kuliko yeye.

"Mama," akasema, "wewe una kilo ngapi?"

"Haulizwi mtu mzima swali kama hilo."

"Ukigawanywa kwa thelathini, utakuwa mwepesi."

Bibi akaacha kumenya.

Jumapili asubuhi Mama Gunzi alipanda mpaka namba moja, mkono mmoja kiunoni, akagonga. "Piga filimbi."

"Leo ni Jumapili, nyapara."

"Tope halina kalenda. Piga."

Mwenyekiti akapiga. Walitoka, wengine wamenuna, wengine wamekuja kuona ugomvi. Mama Gunzi hakugombana. Aliwapanga. Toroli tatu za manispaa alikuwa ameziazima, makoleo wakaleta wenyewe, na safari hii alisimama pale pale ukingoni akitoa amri kama mtu anayekata kuni. Tope likatoka nje, likapakiwa, likasukumwa hadi jalalani. Mshonaji alichimba na kusema, akasema na kuchimba, na ukweli usemwe, alichimba kuliko wanaume wawili. Kinyozi akapata lengelenge la kwanza maishani mwake akalionyesha kwa kila mtu. Saa saba gunzi likawekwa juu, maji yakamwagwa, nalo likateremka nyumba zote thelathini na moja bila hata kusita na kutumbukia kalavatini.

Hakuna aliyepiga makofi. Lori halikuwapo, mtambo umefungwa. Walisimama na makoleo yao kama watu waliofika kituoni basi limeondoka.

"Basi tumechimba bure," kinyozi akasema.

"Mvua haitaingia ndani mwa mtu, hilo si bure," Mama Gunzi akasema. "Na lami itakuja kiangazi kijacho. Hiyo ni miezi tisa. Sasa sikilizeni." Akatoa daftari. "Mama yangu huyu anakwenda kliniki kila Jumatatu ya pili. Kwa miezi tisa ni safari ishirini. Lami ingemwagwa jana, kesho gari lingemfuata mlangoni. Nyinyi mmeniongezea zote ishirini. Hizo si zangu. Ni za mtaa, kama tope."

"Hee!" mshonaji akasema.

"Watu wawili kila safari, kwenye kiti. Nimeshaandika. Kuchimba tunaanza chini, lakini kubeba tunaanza juu." Akamtazama mwenyekiti. "Kiongozi aonyeshe mfano."

Wakacheka, hata waliokuwa wamenuna. Mwenyekiti akafungua kinywa. Akatazama mtaro, akatazama bibi pale mlangoni, ambaye alikuwa amejinyoosha kitini kama malkia anayesubiri kodi. Akafunga kinywa. "Saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja na nusu."

"Mimi nina presha," mshonaji akasema. "Kubeba siwezi, nitazimia naye. Nitamshonea mto wa kukalia." Akaandikwa mto.

Basi Jumatatu saa moja na nusu mwenyekiti alishika upande mmoja wa kiti na kinyozi upande mwingine, wakaanza kupanda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi mpaka uubebe. Kufika nyumba ya ishirini wote wawili walikuwa wameacha kuongea.

"Mwenyekiti," bibi akasema kutoka juu, "unahema kama rola."

"Samahani, mama."

"Na wewe mwenye mkasi, nyanyua upande wako. Nimelala upande kama picha mbovu."

Walipumzika mara nne. Kwenye mapumziko ya tatu mwenyekiti aligeuka akamtazama Mama Gunzi, ambaye alikuwa anafuata nyuma. "Huyu umembeba peke yako? Miaka miwili?"

"Na kurudi," Mama Gunzi akasema.

Mwenyekiti akafuta jasho, akashika tena kiti. Mama Gunzi naye alikuwa hajui mikono yake aiweke wapi. Aliikunja, akaikunjua, akaishika nyuma kama mkaguzi. Kila mara kiti kilipoyumba, mgongo wake ulikaza wenyewe, kwa mazoea.

Kliniki foleni ilikuwa ndefu. Gari walilopanda kule juu ya mtaa likawashusha, wakamwingiza bibi na kiti chake, kinyozi akakimbia kufungua duka lake na kuahidi kurudi saa nne. Mama Gunzi aliketi kwenye benchi, akaegemeza kichwa ukutani kwa ajili ya kupumzisha shingo tu, na kabla hajavuta pumzi ya tatu alikuwa amelala, kinywa wazi, viatu vyenye lami vimenyooshwa katikati ya njia ya watu.

Muuguzi akatoka akaita namba. Akaita tena. Mwenyekiti akanyoosha mkono amguse Mama Gunzi begani.

"Mwache huyo," bibi akasema. "Unishike mkono wewe."

Mwenyekiti akamwingiza ndani, akatoka. Akatazama saa yake. Duka la vyombo lilikuwa limefungwa, funguo ziko mfukoni mwake, na Jumatatu ndiyo siku yake nzuri. Akamtazama yule mwanamke aliyelala. Akainama, akaisogeza miguu yake taratibu isikanyagwe na watu, kisha akaketi.